Fizi–Baraka: Jina lipo ndani ya kompyuta, lakini masini inasema halipo

Katika mji wa Baraka, teritware ya Fizi, mtu anayeitwa M'munga anaweza kutafutwa ndani ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni asionekane, ijapokuwa jina lake limo. Aliyeliandika mara ya kwanza alitumia Word, na Word ina desturi ya kuipindisha apostrofi bila kuulizwa. Anayelitafuta leo yuko kwenye Excel, ambayo huiacha apostrofi ikiwa imenyooka. Kwa macho yetu ni alama moja. Kwa masini ni alama mbili tofauti: ya kunyooka ina namba 39, ya kupinda ina namba 8217. Programu ambayo haikufundishwa kuzilinganisha itajibu kwamba mtu huyo hayupo kwenye orodha.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa anayeitwa Amisi au Furaha. Lakini hapa Fizi majina yanayoanza na M' ni mengi, na karatasi anazohitaji mtu ni nyingi pia. Congo imekaa miaka mingi ikitumia kadi ya uchaguzi badala ya kitambulisho cha taifa. Jina la kwenye kadi hiyo linapaswa kufanana na la kwenye diploma, na la diploma lifanane na la orodha ya mishahara ao ya misaada. Tia hapo wale waliovuka ziwa wakati wa vita vya 1996 na 1998, wakaandikishwa upya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha wakarudi kupitia bandari ya Baraka. Mtu mmoja anaweza kuwa M'munga upande huu, Mmunga upande wa pili, na M munga kwenye karatasi ya tatu. Siku ya kuhakikishwa, yeye ndiye anayeombwa kueleza.

Na kuna sura ya nne, ambayo wenye sekretaria za kupiga maandishi na kutoa fotokopi wanaifahamu sana: M’munga. Jamaa yake ni République. Yeyote aliyefungua faili iliyotoka kwenye masini nyingine amekutana na wadudu hao. Si virusi, kama wateja wengi wanavyofikiri, na kununua antivirusi hakutasaidia kitu. Faili iliandikwa kwa hesabu moja na inasomwa kwa hesabu nyingine.

Ili kuelewa hesabu hizo zilitoka wapi, turudi nyuma miaka 40 hivi.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Umbo unaloliona kwenye kioo linatoka kwenye faili nyingine inayoitwa fonti. Kwa Kifaransa wanaiita “police”, neno ambalo limechekesha wanafunzi wengi wa kompyuta: mwalimu anasema tubadilishe “police”, na darasa zima linawaza askari wa barabarani. Fonti ndiyo inayosema namba 65 ichorwe kama A, namba 66 kama B, na kuendelea. Katika kompyuta za nyumbani na za ofisi za miaka ya 1980 na 1990, fonti ya kawaida ilikuwa na nafasi 256 tu, na sehemu ya hizo ilishikwa na amri za masini yenyewe. Zilizobaki zilijazwa na watengenezaji wa Marekani na Ulaya kwa mahitaji yao: alfabeti ya Kiingereza, tarakimu, kisha é, ç, ñ na ß.

Kiswahili kilipita bila shida. Herufi zake zote zimo katika alfabeti ya Kiingereza, na hata ng' ya ng'ombe inaridhika na apostrofi ya kawaida. Labda ndiyo sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tumekuwa wa mwisho kuuona mzigo waliobeba majirani zetu. Lingala, kwa mfano, ikiandikwa kwa ukamilifu, inataka ɛ na ɔ, pamoja na alama za toni. Bila hizo, moto (mtu), motó (kichwa) na mɔ́tɔ (moto wa kuwaka) vinageuka neno moja. Kibembe nacho, kama ndugu zake wengi wa Kibantu, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana. Wanaisimu wa nchi yetu walikutana Lubumbashi mwaka 1974 wakapanga namna ya kuandika lugha za Zaïre, na mwaka 1978 mkutano wa Niamey, chini ya UNESCO, ukatoa alfabeti ya kulinganisha lugha za Afrika. Kwenye karatasi kazi ilikuwa imekwisha. Kompyuta zilipoingia sokoni, herufi zile hazikupewa nafasi.

Basi watu wakafanya ujanja. Kama nafasi hakuna, nyang'anya ya mwingine. Unachukua fonti, unafuta umbo ambalo lugha yako hailihitaji, unachora ɔ mahali pake. Ukibonyeza kitufe kile, inatoka ɔ. Programu ya Fontographer, iliyotoka mwaka 1986 kwa ajili ya Macintosh, iliwawezesha hata wasio wachapaji kuchora herufi zao wenyewe. Shirika la SIL, linalojulikana kwa utafiti wa lugha na tafsiri ya Biblia, lilikwenda mbali zaidi. Lilikusanya maumbo mengi ya herufi katika hazina iliyoitwa Encore, na programu yake ya TypeCaster ikamruhusu kila mtafiti kuchagua maumbo anayoyataka na kujitengenezea fonti ya lugha anayoshughulikia.

Ilikuwa kazi ya akili nyingi, na siwezi kuibeza. Bila ujanja huo, vitabu vingi vya kusomea na kamusi za lugha ndogo za Afrika visingechapwa miaka ile. Lakini kila kundi lilinyang'anya nafasi yake bila kumuuliza jirani. Namba iliyokuwa ɔ kwa huyu ilikuwa ŋ kwa yule, na kwa mtu wa tatu ilibaki vile alivyoiweka mtengenezaji.

Ndiyo maana disketi ya wakati ule ilibidi ibebe vitu viwili: maandishi na fonti yake. Disketi ilikuwa na nafasi ya megabaiti 1.44, chini ya ukubwa wa picha moja ya simu ya leo, lakini fonti mbili tatu zilienea. Ukimpelekea mwenzako sura ya kitabu ukasahau fonti, ulikuwa umempelekea mafumbo. Chukua fonti za kifonetiki za SIL za mwaka 1993. Humo ɛ ilikaa kwenye nafasi ya E kubwa, na ŋ kwenye nafasi ya N kubwa. Mtu akiandika ndɛkɛ, ndege kwa Lingala, na faili ikafunguliwa kwa Times New Roman, inasomeka ndEkE. Hilo bado unaweza kulikisia. Ukurasa mzima wenye toni, ambazo nazo zilikuwa zimefichwa chini ya alama nyingine, haukisiwi na mtu.

Na hata aliyekumbuka kubeba fonti hakuwa amefika. Macintosh ilikuwa na tabia ya kugawa faili sehemu mbili, na mara nyingi fonti yenyewe ilikaa katika ile sehemu ya pili ambayo disketi ya PC haiifahamu. Ukiinakili, jina la faili linaonekana, ndani ni tupu. Tena zilikuwepo aina mbili zinazoshindana: Type 1 ya kampuni ya Adobe, na TrueType, ambayo Apple iliitoa mwaka 1991 na Microsoft ikaiingiza katika Windows 3.1 mwaka 1992. Windows hiyo haikusoma Type 1 bila kuongezewa programu ya Adobe. Kwa hiyo fonti zilibadilishwa kutoka aina moja hadi nyingine, na katika kubadilisha, mara herufi zilipoteza unadhifu wake, mara nafasi zake zikahamishwa bila mtu kugundua hadi kitabu kitoke kwenye masini ya kuchapa. Type 1 sasa imefikia mwisho: Adobe yenyewe iliacha kuipokea katika programu zake Januari 2023.

Dawa kubwa ilianza kupikwa mwaka 1991, lilipotoka toleo la kwanza la Unicode. Wazo lake ni rahisi: kila herufi ya dunia ipewe namba yake, isiyogawanywa na nyingine. Humo ɔ si mnyang'anyi tena, ina namba yake, na ɛ pia, hata herufi zao kubwa Ɔ na Ɛ zimo. Lakini kuwa na namba si kuwa na umbo. Miaka mingi baadaye fonti za kawaida zilikuwa bado zinaonyesha kisanduku tupu mahali pa Ɔ. Tena Unicode haikutoa namba moja kwa ɔ́ yenye toni juu: herufi ina namba yake, alama ina yake, na fonti ndiyo inayopaswa kujua kuiweka alama juu ya kichwa cha herufi badala ya kuitupa pembeni.

Hapo wasemaji wa Lingala wana mtu wa kumshukuru. Denis Moyogo Jacquerye alikuwa miongoni mwa viongozi wa mradi wa DejaVu, fonti huru zilizokuja na kompyuta nyingi za Linux, na alihangaika na mambo haya hasa: herufi za Kiafrika ziwepo, na toni zikae mahali pake. Mwaka 2005 SIL nayo ilitoa leseni inayoruhusu mtu yeyote kunakili fonti, kuibadilisha na kuigawa, na fonti ya Gentium ikatolewa chini yake. Leseni hiyo ilimaliza aibu ya zamani, maana wengi wa waliogawana disketi walikuwa wakinakili mali ya kampuni, wakijua ao bila kujua. Kwangu mimi, kosa kubwa lilikuwa la waliouza fonti zisizo na herufi za watu, kuliko la waliozinakili wapate kuandika lugha yao.

Leo simu ya bei ndogo inayouzwa sokoni Baraka inaweza kuonyesha ɔ bila kuombwa. Tatizo lililobaki ni faili za zamani. Maandishi yaliyopigwa kwa fonti za kunyang'anya nafasi yangali katika disketi na diski ngumu, kwenye nyumba za watafiti, makanisani na vyuoni, yakingoja unyevu na kutu. Sheria ya msingi ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na kusema kwamba lugha nyingine ni sehemu ya urithi wa utamaduni ambao serikali inaulinda. Kibembe, Kifuliiru na Mashi zimo katika hizo nyingine. Urithi ulioandikwa kwa fonti iliyopotea ni vigumu kuulinda.

Vyombo vya kuuokoa vipo. SIL ilitengeneza TECkit, programu ya bure inayogeuza maandishi ya zamani kuwa Unicode. Lakini inahitaji jedwali linaloeleza kwamba katika fonti fulani namba hii ni herufi fulani. Fonti ikiwepo, jedwali linaandikwa kwa muda mfupi. Fonti ikikosekana, inabaki kumtafuta mzee anayeijua lugha, akae na ukurasa wenye mafumbo, aseme hapa ni ɛ, pale toni iko juu.

Kwa sekretaria za Baraka na Fizi, kazi ya leo ni nyepesi zaidi. Unapotoa orodha ya majina kwenye Excel ili iende kwenye masini nyingine, chagua UTF-8, na anayeipokea aifungue kwa UTF-8 vilevile, M’munga atatoweka. Barua ao kitabu chenye herufi za pekee, kitoe pia kwa PDF, ambayo inaweza kubeba fonti ndani yake. Na katika Word, mahali pa kusahihisha maandishi yenyewe yanapoandikwa, kuna chaguo la kuzuia apostrofi isipindishwe. Mtu akishaandikwa M'munga kwa ile ya kunyooka, aandikwe hivyo kwenye kila orodha, na kabla ya kumwambia kwamba hayupo, karani ajaribu kwanza ile nyingine.