Mwaridi wa Dameski, Mama wa Marashi

Marashi yanayonyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi za pwani, yakiwa ni marashi ya kweli na si maji yaliyotiwa manukato ya kiwandani, kwa kawaida hutoka kwenye kichaka kimoja chenye miiba mingi: mwaridi wa Dameski. Wataalamu wa mimea huuita Rosa × damascena. Naandika kuuhusu leo kwa sababu wasomaji wengi wanaotaka mawaridi yenye harufu bustanini mwao huishia kununua miche isiyonukia kabisa, na kosa si lao.

Waridi wanalolijua wengi wetu ni lile la shada, lenye kikonyo kirefu kilichonyooka, linalolimwa kwa wingi Naivasha na kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Ukilisogeza puani huambulii kitu. Kwa miaka mingi wazalishaji wa mbegu walitafuta kikonyo imara, tumba kubwa na ua linalokaa siku nyingi kwenye chombo bila kunyauka. Harufu haikuwa miongoni mwa sifa walizozipa uzito, ikapotea. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha mawaridi mawili mekundu, 'Papa Meilland' linalonukia sana na 'Rouge Meilland' lisilonukia. Waligundua kimeng'enya kiitwacho RhNUDX1, ambacho hushiriki kutengeneza sehemu kubwa ya harufu ya waridi. Katika ua linalonukia kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu. Katika lile jingine kilikuwa kimelala.

Mwaridi wa Dameski haukupitia mchujo huo. Ni kichaka kinachotawanya matawi, chenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili na zaidi, na matawi yake yamejaa miiba iliyopinda, mikubwa kwa midogo. Majani yana rangi ya kijani iliyofifia kidogo. Ua lenyewe ni la waridi hafifu, halina umbo lile la kuchongoka la maua ya dukani. Linafunguka likawa bapa, petali zake zipatazo 30 zimekunjamana kuzunguka chavua ya manjano. Petali ni nyembamba na laini mno. Likichumwa asubuhi, jioni limeshalegea. Kwa muuza maua hiyo ni hasara. Kwa mkenekaji wa marashi haina uzito wowote, maana anachokitafuta ni mafuta yaliyomo kwenye chembe za juu za petali.

Mafuta hayo ni machache ajabu: kilo moja huhitaji takriban kilo 3,000 hadi 4,000 za maua. Humo kuna sitroneloli na geranioli kwa wingi, lakini mojawapo ya viambato vinavyolipa waridi utambulisho wake ni damaskenoni, ambayo haifiki hata asilimia moja ya mafuta. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo sana. Jua likipanda, mafuta huanza kuvukiza, ndiyo maana wachumaji wa Kazanlak huko Bulgaria, wa Isparta Uturuki, wa Kashan Iran na wa Taif Saudia huingia mashambani alfajiri.

Kwa sisi tulio na udugu na Omani, shamba lililo karibu zaidi na moyo ni lile la Jabal Akhdar. Huko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, miwaridi imepandwa kwenye matuta ya mawe na kunyweshwa kwa mifereji ya falaji. Maua huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Kwa njia ya asili, petali hutiwa ndani ya chungu cha udongo kilichojengewa kwenye tanuri. Juu yake huwekwa chombo cha shaba, na mdomo hufunikwa kwa chombo kingine chenye maji baridi. Mvuke ukigusa ubaridi hugeuka matone, yakadondokea kwenye shaba. Marashi hayo hutoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi kwa mbali, nami nayapenda kuliko yale meupe ya viwandani.

Sasa, je, uupande nyumbani? Mwaridi wa Dameski huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena juu ya matawi ya mwaka uliopita, na huhitaji majira ya baridi ili uweke matumba vizuri. Dar es Salaam au Mombasa utakupa majani na miiba. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa mmoja wa wazazi wake watatu ni mwaridi mwitu wa Asia ya Kati, nchi zenye theluji, na tabia ya uzazi haifichiki.

Lakini una ndugu. Mwaridi wa Dameski wa vuli huchanua tena baada ya msimu wa kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika kisiwa cha Réunion kwenye Bahari hii hii ya Hindi, ulichanganyika na mwaridi wa China, na hapo ukazaliwa ukoo wa Bourbon: unanukia, unarudia kuchanua na unavumilia joto kuliko mzazi wake. Huo ndio ninaoupendekeza kwa wakazi wa Arusha, Lushoto, Limuru na kwingineko penye ubaridi wa wastani.

Uupande penye jua la asubuhi na hewa inayopita, kwa sababu ukungu wa majani ndio adui wake mkubwa. Upe samadi iliyooza, mwagilia shinani bila kulowesha majani, na pogoa baada ya maua kuisha. Na kabla ya kulipa, mwombe muuza miche akuoneshe ua lililochanua, ulinuse asubuhi mapema. Lisiponukia wakati huo, usinunue mche huo.