Kibanda cha Kutafakari Kando ya Msitu (Sehemu ya Pili): Vipimo, Upepo na Dirisha

Katika sehemu ya kwanza tulisema kwamba mtu wa Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, anayetaka kibanda cha kukaa peke yake, asali au atafakari, mwalimu wake yuko karibu. Yuko Jaribuni, katika Kaya Kauma, mojawapo ya kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kilichoilinda zaidi misitu hiyo si ukuta wala seng'enge. Ni miiko: usikate mti, usiokote kuni, usiiache njia uliyoonyeshwa. Kutokana na hayo tulipata kanuni ya kwanza: kibanda kisiingie msituni. Kijengwe shambani mwako, mpakani, kielekezwe kwenye miti. Leo tuingie katika jengo lenyewe.

Tuanze na ukubwa. Mwaka 1212, Kamo no Chomei wa Japani aliandika habari za kibanda chake cha mlimani ambacho kila upande ulikuwa na mita 3 hivi. Mwaka 1845, Mmarekani Henry David Thoreau alihamia katika kibanda chake kando ya ziwa la Walden: mita 3 kwa 4 na nusu. Naye Le Corbusier, msanifu majengo aliyechora majumba makubwa ya serikali, alipotaka pa kupumzika katika pwani ya Ufaransa alijijengea, mwaka 1952, chumba cha mbao cha mita 3.66 kila upande. Watu hawa walitengana kwa karne na bahari, na bado wamekaribiana kwa vipimo. Mwili wa binadamu ni ule ule: pa kulala, pa kukaa, rafu moja, mlango. Kwa hiyo mita 3 kwa 3 zinatosha. Ukiongeza, nafasi itajitafutia kazi: kitaingia kitanda cha pili, yatafuata magunia ya mahindi, na mwisho atahamia mgeni.

Pili ni mwelekeo. Ganze iko nyuzi 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama utosini. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini. Jua hilo la juu ni rahisi kulizuia, kwa kuwa paa linalikinga. Linalosumbua ni la asubuhi na la alasiri, ambalo huingia likiwa chini na kupasha ukuta moto hadi usiku. Basi ukuta wa mashariki na wa magharibi uachwe bila dirisha, na nafasi zote zifunguliwe kaskazini na kusini. Upepo nao unakubaliana na mpango huo. Kusi ikivuma katikati ya mwaka inaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Kaskazi ikifika mwisho wa mwaka inarudi kwa njia hiyo hiyo. Kama msitu uko magharibi mwa shamba lako na huna budi kuutazama, toboa dirisha huko lakini urefushe upenu.

Tatu ni dirisha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi amezoea kuanza dirisha kama sentimita 90 kutoka sakafuni, kipimo kinachomfaa mtu anayesimama au anayeketi kitini. Aliyekaa mkekani, macho yake yako kwenye sentimita 75 hivi. Dirisha la 90 litamwonyesha vilele vya miti na uvungu wa paa, basi. Lianze sentimita 40, liishie 110, na upana wake uwe mita moja na robo. Fundi atacheka: "Mzee, hili ni dirisha au tundu la kuku?" Mwambie akae chini palepale kabla hajafunga fremu, atazame mbele. Akishaona mashina ya miti na majani makavu yaliyoanguka chini yake, ubishi utakwisha. Weka wavu wa mbu, na ubao wa kufungia utundikwe juu, ili ukiinuliwa na kuegemezwa kijiti ugeuke kivuli.

Nne ni paa. Nyumba ya kale ya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, iliezekwa kwa nyasi zilizoshuka karibu na ardhi. Ndani mlikuwa na giza, lakini ukuta haukupigwa na jua wala mvua. Sisi tuchukue upenu wa mita moja ulioshuka, giza tuliache. Mabati hayafai hapa: mchana yanachoma, na masika ikinyesha hutasikia hata mawazo yako. Makuti yananyamaza, ila yanataka mteremko mkali wa nyuzi 45, yapangwe kwa kubanana juu ya fito, la sivyo yataoza na kuvuja mapema. Kwa kuwa bara ya Ganze ni kavu na minazi ni michache, agiza makuti kutoka pwani kabla ya mvua. Na yanashika moto upesi, kwa hiyo jiko, uvumba na mshumaa vibaki nje.

Tano ni ukuta. Nguzo ziwe za mvinje au mwarobaini zilizopandwa mashambani, si miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu ule, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, umekwisha kutoa vya kutosha: muhuhu wake ulikatwa mno kwa ajili ya wachonga vinyago. Kujenga mahali pa utulivu kwa nguzo zilizoibwa msituni ni kuubomoa utulivu wenyewe. Weka msingi wa mawe unaopanda sentimita 30 juu ya ardhi, kuzuia maji na kuwafanya mchwa waonekane wanapopanda. Funga fito pande zote mbili za nguzo, jaza udongo na vijiwe, kisha kandika. Mkandiko wa kwanza utapasuka unapokauka, usiharakishe kuuziba. Ngoja nyufa zimalizike kufunguka, ndipo upake wa pili, wenye mchanga zaidi.

Jengo ni hilo, na fundi mzuri atalimaliza bila taabu. Lakini somo la Kauma lingalipo: bila miiko, kibanda hiki kitakuwa ghala kabla ya vuli mbili kupita. Amua mapema nani ataingia, simu itaachwa wapi, kuni zitatoka wapi, na umtangazie kila mtu wa nyumbani mwako. Wiki ijayo tutaangalia maji, choo, na namna ya kupatana na majirani kuhusu mpaka.