Jiwe Letu, Ufundi wa Wengine

Mwaka 1947, almasi ya waridi ya karati 54.5 ilipatikana Mwadui, Shinyanga. Dk. John Williamson aliitoa tunu ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilikatwa London hadi karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaifanya kiini cha bizimu yenye umbo la ua.

Tusidhani hayo yalikwisha na ukoloni. Mwaka 2021 jiwe jingine la waridi la Mwadui, karati 32.32, liliuzwa ghafi kwa dola milioni 13.8. Mwaka 2022, likiwa limekatwa na kubaki karati 11.15, lilinadiwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Uzito ulipungua thuluthi mbili. Thamani ikazidi mara nne. Ziada hiyo ni ijara ya ufundi na soko.

Nachingwea na Ruangwa, wanakochimba vito vya kijani, wazingatie. Arusha kipo Kituo cha Jemolojia kinachofundisha ukataji wa vito. Halmashauri zigharimie vijana wakasome huko. Visiwani nako wamo masonara wa jadi. Wao watie vito hivyo katika dhahabu na fedha. Mwenye mali asiye na ufundi hubaki mchukuzi wa mali yake.