Jinsi ya Kutengeneza Mishumaa kwa Nta ya Nyuki

Katika sehemu nyingi za Kenya, kama vile Kitui na Baringo, watu wamefuga nyuki tangu zamani za mababu. Asali hukamuliwa ikaliwa, ikauzwa, au ikatiwa katika pombe. Bali masega yaliyobaki mara nyingi hutupwa jaani. Huko ni kutupa mali. Nta hutoka katika tumbo la nyuki mwenyewe, na wataalamu hukadiria ya kuwa nyuki hula asali kilo 6 au zaidi ili kufanya kilo 1 ya nta. Kwa nta hiyo mtu aweza kujitengenezea mishumaa nyumbani, maadamu ashika kanuni moja: kati ya nta na moto, sharti pawe na maji siku zote.

Kwanza, kusafisha nta. Osha masega kwa maji baridi mpaka asali iishe. Yatie katika mfuko wa kitambaa chepesi, ufunge kinywa chake, kisha uuweke ndani ya sufuria yenye maji, na juu yake uweke jiwe safi ili usielee. Tumia sufuria ya alumini, kwa maana chombo cha chuma huitia nta weusi. Chemsha kwa moto mdogo, huku ukiubonyeza mfuko kwa kijiti. Nta itayeyuka, ipenye kitambaa na kuelea juu ya maji. Takataka zitabaki mfukoni. Epua, uache usiku kucha. Asubuhi utaikuta nta imeganda kama mkate. Kwangua uchafu ulio upande wa chini.

Pili, utambi. Chukua nyuzi 3 za pamba tupu, uzisuke pamoja kama nywele zisukwavyo. Nailoni haifai, kwa kuwa huyeyuka.

Tatu, kuchovya. Vunja nta vipande vipande, uitie katika kopo refu, na kopo hilo ulisimamishe ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiliweke kopo juu ya moto kamwe. Sababu yake ni hii: nta huyeyuka kwa joto la digrii 62 hata 64, na maji yachemkapo hayazidi digrii 100; basi maji huizuia nta isipate joto la hatari. Illakini nta iliyo juu ya moto mtupu huzidi kupata joto, hufuka moshi, kisha huwaka ghafula. Kwa hiyo angalia sana maji yasikauke.

Nta ikishika moto, usiimwagie maji. Maji huzama chini ya nta, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huirusha nta iwakayo juu ya watu na nyumba. Lifunike kopo kwa kifuniko cha bati, nacho kiwe karibu kabla hujaanza kazi. Kisha uvute kuni nje. Watoto wakae mbali.

Chovya utambi, uunyoshe, uutundike mpaka nta igande. Chovya tena upesi, ungoje, urudie hivyo hata mara 20 au 30. Mwenye haraka huuacha utambi ndani ya kopo akidhani mshumaa utanenepa upesi. Kumbe nta ya moto huyeyusha ile iliyokwisha kuganda, na mshumaa huzidi kukonda.

Huenda mshumaa wa kwanza usiwe mzuri, lakini mwali wake utakufundisha. Moto huyeyusha nta, nayo hupanda katika utambi kama maji yapandavyo katika kitambaa, hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Basi ukiona masizi mengi, utambi ni mnene mno. Mwali ukizama katika nta na kuzimika, utambi ni mwembamba. Badili utambi, uyeyushe nta tena, hakuna kilichopotea.

Mshumaa uwekwe katika sahani, mbali na chandarua na nyasi za paa, wala mtu asilale kabla ya kuuzima.