Nairobi hadi Dubai: Masaa Matano au Sita?

Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,550 angani. Ndege hukimbia karibu kilomita 850 kwa saa. Ukiongeza kupaa na kutua, ni kama masaa matano. Lakini ikiondoka saa nne usiku, inatua saa kumi alfajiri! Hesabu sasa. Mbona sita? Dubai iko mashariki yetu, jua huwafikia mapema, kwa hivyo saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Wakati wa kurudi utadhani ni masaa manne tu.

Basi mkingoja simu ya dada aliyeenda kazi huko, fuateni saa ya Machakos: anatua saa tisa usiku, halafu kuna foleni ya pasipoti na mizigo. Mama asianze kulia saa nane.