Je, Wajua? Meza ya ruta haihitaji ukingo wa bei mbaya

Meza ya msumeno isipokuwa na ukingo ulionyooka sambamba na kisu, mbao hukwama au hurushwa. Ruta haina shida hiyo. Ukikitazama kutoka juu, kisu chake ni cha mviringo, kwa hiyo ukingo ukikaa upande, mfereji unatoka uleule. Mbao moja iliyonyooka, bolti moja upande mmoja na klampu upande wa pili vinatosha. Tena kuna faida ya bure: kisu kikiwa katikati ya bolti na klampu, ukisogeza ncha ya klampu milimita 2, penye kisu ukingo unasogea milimita 1 tu. Vyuma vya kurekebishia vya dukani vinauza usahihi huohuo kwa pesa nyingi.

Ukigawa uso wa ukingo vipande viwili, bandika kipande cha fomaika cha milimita 1 upande wa kushoto, mbao inakoelekea ikishapita kisu, kisha panga makali ya kisu kilichonyooka yawe sawa na uso wa fomaika. Hapo umepata randa ya kunyoosha kingo za mbao.

Juu ya meza paka nta, usipulize silikoni. Silikoni ikigusa mbao, vanishi itakataa kushika.

Sukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto, na kamwe usiipitishe katikati ya kisu na ukingo. Itachomoka mkononi, na vidole vinaweza kufuata.