Kriosoli

Kriosoli (kutoka neno la Kigiriki *kryos*, "baridi kali", na la Kilatini *solum*, "udongo") ni udongo wa maeneo ya baridi kali ambao chini yake kuna ardhi inayobaki imeganda mwaka mzima. Hupatikana hasa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Aktiki: Urusi, Kanada, Marekani (jimbo la Alaska), Greenland na visiwa vya Svalbard vya Norwei. Hupatikana pia katika sehemu chache za Antaktiki zisizofunikwa na barafu, na kwenye nyanda za juu sana kama zile za Tibet.

Inakadiriwa kwamba kriosoli zimeenea katika hektari bilioni 1.8 hivi, yaani takriban asilimia 13 ya nchi kavu yote duniani. Watu wanaoishi juu yake ni wachache, lakini hali yake inahusu dunia nzima kwa sababu ndani yake kuna akiba kubwa ya kaboni iliyokusanyika kwa maelfu ya miaka.

## Uainishaji

Jina "kriosoli" linatumika katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo (WRB). Katika mfumo wa Marekani udongo huohuo huitwa *jelisoli*, kutoka neno la Kilatini *gelare*, "kuganda". Kwa kawaida udongo huingizwa katika kundi hili kama tabaka lililoganda daima linapatikana ndani ya mita 1 kutoka juu, au ndani ya mita 2 iwapo kuna dalili kwamba udongo umevurugwa na barafu.

Mfumo wa Marekani unagawa jelisoli katika makundi matatu:

* *Histeli*: udongo ambao sehemu yake kubwa ni mabaki ya mimea yaliyooza nusu;
* *Turbeli*: udongo uliovurugwa na kuchanganywa na nguvu za barafu;
* *Ortheli*: udongo usioonyesha dalili nyingi za kuvurugwa.

## Mgando wa kudumu na tabaka hai

Ardhi inahesabiwa kuwa na mgando wa kudumu kama halijoto yake imebaki kwenye 0 °C au chini yake kwa angalau miaka miwili mfululizo. Maana hii inahusu halijoto tu. Mwamba mkavu usio na barafu hata kidogo unaweza kuwa katika mgando wa kudumu.

Unene wa ardhi iliyoganda hutofautiana sana. Kusini mwa eneo la mgando ni mita chache tu, tena kwa vipande vilivyotawanyika. Katika sehemu za Siberia unafikia takriban mita 1,500. Habari za kwanza za uhakika juu ya kina hicho zilitoka mjini Yakutsk, ambako mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828. Hadi mwaka 1837 wachimbaji walikuwa wamefikia mita 116 bila kupata maji, kwa kuwa ardhi yote ilikuwa imeganda. Katika miaka ya 1840 mtaalamu Alexander von Middendorff alipima halijoto ndani ya shimo hilo, na vipimo vyake vilisaidia kuanzisha utafiti wa kisayansi wa ardhi iliyoganda.

Sehemu ya juu ya kriosoli huyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena majira ya baridi. Sehemu hiyo huitwa *tabaka hai*. Unene wake ni kati ya makumi machache ya sentimita na mita 2 hivi, kulingana na halijoto, aina ya udongo na mimea. Mizizi karibu yote na viumbehai wengi wa udongo wamo katika tabaka hili.

Mimea na theluji huathiri sana unene wa tabaka hai. Theluji nene hufanya kazi kama blanketi: inazuia joto la ardhi lisipotee wakati wa baridi. Zulia la mimea midogo ya kigoga na mabaki ya mimea hufanya kazi kwa namna nyingine. Wakati wa joto hukauka na kuzuia joto la hewa lisishuke chini. Wakati wa baridi huwa limelowa na kuganda, na kwa kuwa barafu hupitisha joto takriban mara nne zaidi ya maji, ardhi hupoteza joto kwa urahisi. Kwa hiyo zulia hilo huifanya ardhi kuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Likiondolewa kwa moto, magari au ukataji wa misitu, mgando huanza kuyeyuka hata kama hali ya hewa haijabadilika.

## Maji na barafu ndani ya udongo

Sehemu nyingi za Aktiki hupata mvua na theluji chini ya milimita 250 kwa mwaka, kiasi kinacholingana na maeneo yaliyo nusu jangwa. Hata hivyo tundra imejaa vidimbwi na matope. Sababu ni kwamba ardhi iliyoganda haipitishi maji kwenda chini, na baridi inapunguza uvukizi.

Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Pamoja na hayo, udongo wenye chembe ndogo huvuta maji kutoka chini kuelekea sehemu inayoganda, na huko hutokea matabaka membamba ya barafu safi. Matabaka hayo huinua uso wa ardhi, husukuma mawe juu na kung'oa nguzo za nyumba.

Kuganda na kuyeyuka kwa miaka mingi huuzungusha udongo: vitu vya juu huzama na vya chini hupanda. Kwa sababu hiyo kriosoli mara nyingi hazina matabaka yaliyopangika kama udongo wa nchi za joto. Ukichimbwa ukuta wa shimo huonekana mistari iliyokunjamana, na vipande vya mboji vilivyozikwa chini kabisa.

Juu ya ardhi nguvu hizo huunda maumbo yanayoonekana kama yamechorwa na binadamu:

* Duara na mistari ya mawe, ambapo mawe makubwa yametengwa na udongo laini;
* Poligoni, maumbo yenye pande kadhaa na upana wa mita 10 hadi 30 mara nyingi. Baridi kali hupasua ardhi, maji huingia katika nyufa na kuganda, na mwaka baada ya mwaka kabari za barafu hukua ndani ya nyufa hizo;
* Pingo, vilima vyenye kiini cha barafu. Pingo ya Ibyuk karibu na Tuktoyaktuk, Kanada, ina kimo cha karibu mita 49.

## Kemia na rutuba

Baridi hupunguza kasi ya kuoza, na maji yaliyotuama huzuia oksijeni. Kwa hiyo mabaki ya mimea hukusanyika kuliko yanavyooza, na virutubishi vilivyomo hubaki vimefungwa humo. Mimea ya tundra mara nyingi hukosa nitrojeni na fosforasi ingawa udongo wenyewe una mboji nyingi. Pasipo oksijeni madini ya chuma hubadilika, na udongo hupata rangi ya kijivu au ya buluu, pamoja na madoa ya kutu mahali hewa inapopita.

Kriosoli nyingi ni chachu kwa sababu ya asidi za mimea. Lakini pale penye chokaa au vumbi jipya lililoletwa na upepo hazina uchachu, na mimea yake huwa ya aina nyingi zaidi.

## Viumbehai

Maji ya udongo hayagandi yote mara moja kwenye 0 °C. Utando mwembamba wa maji hubaki kuzunguka chembe za udongo, na ndani yake bakteria kadhaa huendelea na kazi zao polepole hata chini ya −10 °C. Majira ya baridi kwa hiyo si majira ya kifo kamili: udongo huendelea kutoa dioksidi ya kaboni chini ya theluji.

Kati ya wanyama wadogo wa udongo kuna nematodi, utitiri na mikiafyatuo, ambao husaidia kuvunjavunja mabaki ya mimea. Sianobakteria, wengine wakiishi pamoja na kigoga na likeni, hunasa nitrojeni ya hewa na kuiingiza katika udongo. Mimea mingi hushirikiana na kuvu zinazokaa kwenye mizizi na kuisaidia kupata virutubishi.

Mimea ya tundra ni mifupi, kwa mfano mierebi midogo inayotambaa na nyasi za *Eriophorum* zinazomea kwa mafungu. Upande wa kusini, misitu ya *Larix gmelinii* ya Siberia inaota juu ya mgando wenyewe kwa mizizi inayotanda karibu na uso. Ardhi ikiyeyuka bila usawa, miti huinama huku na huku. Mbolea ya reni (kulungu wa Aktiki), lemingi na ndege hutajirisha udongo mahali wanapokusanyika.

## Antaktiki

Sehemu isiyo na barafu ni chini ya asilimia 1 ya bara la Antaktiki. Katika Mabonde Makavu ya McMurdo udongo ni mkavu kiasi kwamba chumvi hukusanyika juu yake kama katika jangwa la joto. Hakuna mimea yenye mizizi huko. Mmoja wa wanyama wa kawaida ni nematodi *Scottnema lindsayae*, ambaye hujikausha na kusimamisha karibu shughuli zote za mwili hadi maji yapatikane tena.

Kwenye Rasi ya Antaktiki hali ni nafuu. Huko humea spishi mbili pekee za mimea ya maua asilia ya bara hilo, *Deschampsia antarctica* na *Colobanthus quitensis*. Penye makoloni ya ngwini, kinyesi chao huleta nitrojeni na fosforasi kutoka baharini na kuunda udongo wenye rutuba ya pekee.

## Akiba ya kaboni

Udongo wa maeneo ya mgando ya kaskazini unakadiriwa kuwa na tani bilioni 1,460 hadi 1,600 za kaboni, karibu mara mbili ya kaboni iliyomo katika angahewa. Kaboni hiyo ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyoganda kabla ya kuoza.

Udongo ukiyeyuka, vijidudu huanza kuyala mabaki hayo. Penye hewa hutoa dioksidi ya kaboni. Penye maji yaliyotuama hutoa pia methani, gesi inayozuia joto kwa nguvu zaidi. Gesi hizo huongeza joto la dunia, na joto hilo huyeyusha mgando zaidi. Tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Mimea inayostawi kutokana na joto hunasa sehemu ya kaboni, lakini haitazamiwi kufidia yote inayotoka katika udongo wa kina.

Mgando huhifadhi pia viumbe. Mwaka 2012 wanasayansi wa Urusi walitangaza kwamba wamekuza mmea wa *Silene stenophylla* kutoka tishu za matunda yaliyofichwa na kuchakuro karibu na mto Kolyma miaka 32,000 hivi iliyopita. Mwaka 2016, baada ya joto lisilo la kawaida, ugonjwa wa kimeta ulizuka katika rasi ya Yamal, Siberia. Reni zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto mmoja wa familia ya wafugaji alifariki. Wataalamu wengi wanahusisha mlipuko huo na spora zilizotoka katika udongo ulioyeyuka.

## Ujenzi na maisha ya watu

Barafu iliyomo ardhini ikiyeyuka, uso hudidimia na kuacha mashimo na maziwa. Katika Yakutia shimo la Batagaika lilianza kukua baada ya msitu kuondolewa katika miaka ya 1960. Sasa lina urefu wa karibu kilomita 1, na kuta zake zinaendelea kubomoka.

Kwa sababu hiyo nyumba za Yakutsk hujengwa juu ya nguzo ndefu, ili hewa baridi ipite chini ya sakafu na joto la nyumba lisifike ardhini. Bomba la mafuta la Alaska, lililokamilika mwaka 1977, lina urefu wa kilomita 1,287. Zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya ardhi, na nguzo nyingi zina vifaa vya kutoa joto kutoka udongoni. Ardhi inapozidi kuyeyuka, barabara, viwanja vya ndege na maghala ya chakula yaliyochimbwa ardhini na wakazi asilia huharibika.

Ghala la mbegu la dunia huko Svalbard, lililofunguliwa mwaka 2008, lilijengwa ndani ya mlima ulioganda ili baridi ya asili isaidie kulinda mbegu iwapo umeme utakatika. Kenya ni kati ya nchi zilizohifadhi mbegu huko.

## Tofauti na milima ya tropiki

Juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro huonekana mistari na poligoni ndogo za mawe zinazofanana na za Aktiki. Asili yake ni tofauti kidogo. Huko udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana karibu kila siku ya mwaka, kwa hiyo mgando haufiki chini sana na maumbo hubaki madogo. Katika Aktiki mzunguko mkuu ni wa mwaka mmoja, na baridi yake hupenya mita nyingi ardhini.